Mafuta ya mimea na jua la Ukambani: yanasaidia wapi, na yanaishia wapi?



Siku hizi vikundi vingi vya akina mama na vijana vinatengeneza mafuta ya kupaka. Wengine wanatumia kiluma, ile mimea ya shubiri tunayoijua tangu utotoni. Wengine wanatumia parachichi, alizeti, mlonge, mwarobaini au karoti. Kazi hii ni nzuri. Inaleta shilingi nyumbani, inatumia mazao ya shamba letu wenyewe, na ngozi ya mtu aliyeshinda shambani inapata nafuu.

Lakini kuna neno moja ambalo husemwa sana pamoja na mafuta haya, nalo ni kwamba yanazuia jua. Watu wanasema mimea ina nguvu ya kulinda ngozi, kwa hiyo mafuta yake yanatosha kuwa krimu ya jua. Neno hilo lina ukweli ndani yake, lakini ni ukweli nusu. Na ukweli nusu unaweza kuumiza mtu.

Tuseme kikundi chenu kina wanachama 20. Mmetengeneza chupa 50, mmebandika karatasi iliyoandikwa "Huzuia jua", mmepeleka sokoni. Mama mmoja ananunua. Nyumbani ana mtoto mwenye ualbino wa miaka saba. Asubuhi anampaka mafuta yenu vizuri kabisa, anamwacha aende shule bila kofia, kwa sababu kibandiko kimemwambia kuwa mtoto amelindwa. Yule mtoto anasimama uwanjani saa nne na saa saba, siku baada ya siku. Miaka inapita. Je, kidonda kikitokea kwenye sikio la mtoto huyo, kikundi kitasema nini?

Ndiyo maana tunataka tulielewe jambo hili vizuri, hatua kwa hatua.

JUA LA KWETU LIKOJE?

Machakos iko karibu sana na ikweta, nyuzi moja na nusu hivi kusini. Tena mji wenyewe uko juu, kama mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Mambo haya mawili yanaongeza ukali wa jua. Karibu na ikweta jua la adhuhuri husimama karibu utosini mwaka mzima. Na kila ukipanda mita 1,000, miale inayounguza huongezeka kama asilimia 10, kwa maana hewa ya kuichuja inapungua.

Miale tunayoizungumzia hapa si ile ya mwanga wala ile ya joto. Ni miale isiyoonekana kwa macho, ambayo wataalamu huiita urujuanimno. Kwa sababu hatuioni wala kuihisi, inatudanganya. Mwezi wa Julai tunavaa sweta, mawingu yametanda juu ya vilima vya Iveti, nasi tunasema leo hakuna jua. Kumbe sehemu kubwa ya miale hiyo inapita kwenye mawingu mepesi na kutufikia.

Iko njia rahisi ya kupima bila chombo chochote. Angalia kivuli chako. Kikiwa kirefu kukuliko, jua si kali sana. Kikiwa kifupi kukuliko, jua ni kali, hata kama kuna baridi. Kwetu hapa hiyo ni kuanzia kama saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni.

JUA HUUMIZA NGOZI KWA NJIA MBILI

Njia ya kwanza ni ya moja kwa moja. Miale inapiga ndani ya chembechembe hai za ngozi, pale penye maagizo ambayo kila chembe hufuata inapozaa chembe mpya. Maagizo hayo yakivunjwa, mwili hujaribu kuyatengeneza. Yakivunjwa mara nyingi mno, mengine hubaki yameharibika. Baada ya miaka, chembe iliyoharibika yaweza kuanza kuzaana ovyo. Hiyo ndiyo saratani.

Njia ya pili ni ya kuzunguka. Miale inaamsha ndani ya ngozi vitu vikorofi ambavyo havitulii. Vinapokonya kwa jirani, jirani naye anapokonya kwa mwingine, na uharibifu unaenea. Ni jambo linalofanana na kutu. Jembe likiachwa nje kwenye mvua, hewa na maji vinalila pole pole. Ngozi nayo inaliwa hivyo, inapoteza mvuto wake, inakunjamana na kupata madoa.

Shikeni vizuri hizo njia mbili, maana jibu la swali letu liko hapo.

MIMEA INATUPA NINI?

Mmea nao hushinda juani, wala hauna miguu ya kukimbilia kivulini. Kwa hiyo una vitu vya kujikinga na ile kutu. Vitu hivyo huitwa antioksidanti. Sisi twaweza kuviita vizuia-kutu.

Mfano tunao jikoni. Kata parachichi uliache mezani. Baada ya muda linageuka rangi ya kahawia, kwa sababu hewa imelishambulia. Sasa kata lingine, ulipake maji ya ndimu. Litakaa muda mrefu zaidi likiwa kijani. Ndimu ina vitamini C, nayo ni mojawapo ya vizuia-kutu.

Vipo vingi, na vingi viko shambani mwetu:

- Vitamini C iko kwenye machungwa, mapera, mapapai na mboga za majani.
- Vitamini E iko kwenye mafuta ya alizeti, njugu na parachichi.
- Ile rangi ya manjano na machungwa ya karoti, embe, malenge na viazi vitamu vya ndani vyekundu, pamoja na rangi nyekundu ya nyanya, nayo hufanya kazi hiyo.
- Majani ya chai pia yana vizuia-kutu vya aina yake.

Je, vinasaidia ngozi kweli? Ndiyo, kwa kiasi. Huko Ujerumani watafiti waliwapa watu nyanya zilizosagwa nzito, gramu 40 kila siku, pamoja na mafuta ya zeituni, kwa wiki 10. Matokeo yalitolewa mwaka 2001. Ngozi yao ilipomulikwa na taa yenye miale kama ya jua, wekundu wa kuungua ulikuwa mdogo kwa asilimia 40 hivi kuliko kwa wale ambao hawakula. Ni jambo la kutia moyo. Lakini angalieni vizuri: ilichukua wiki 10, na wekundu ulipungua tu, haukuisha.

PAA NA NDOO

Turudi kwenye zile njia mbili. Vizuia-kutu vinapambana na njia ya pili, ile ya kutu. Njia ya kwanza, ambapo mwale unapiga maagizo ya chembe moja kwa moja, kwa sehemu kubwa haviwezi kuifunga. Mwale umeshaingia.

Fikirieni nyumba wakati wa mvua. Kofia, nguo, kivuli na krimu halisi ya jua ni paa la mabati. Huzuia mvua isiingie. Vizuia-kutu ni ndoo unayoweka chini ya tundu linalovuja. Ndoo ni ya maana, hasa kwa kuwa hakuna paa lisilovuja hata kidogo. Lakini mtu mwenye akili hawezi kung'oa mabati na kubaki na ndoo.

Jambo hili lilipimwa kwa watu. Katika mji mdogo wa Nambour, jimbo la Queensland huko Australia, watu 1,621 walishiriki katika utafiti ulioanza mwaka 1992 na kuendelea hadi 1996. Wengine walipewa krimu ya jua wapake kila siku, na wengine waliachwa na desturi zao. Tena wengine walipewa kila siku kidonge chenye ile rangi ya karoti, na wengine kidonge kisicho na kitu. Mwishoni, aina moja ya saratani ya ngozi, ambayo ndiyo huwasumbua sana watu wenye ualbino hapa Afrika, ilipungua kwa karibu asilimia 40 kwa waliopaka krimu kila siku. Kidonge cha karoti hakikupunguza kitu.

Mtu ataniambia, hicho kilikuwa kidonge, si mafuta ya kupaka. Ni kweli. Basi tuangalie ya kupaka. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walitoa habari za dawa ya maji yenye vitamini C, vitamini E na kitu kingine cha mimea. Waliipaka kwenye ngozi ya nguruwe, na ilipunguza madhara ya taa ya jua. Lakini dawa hiyo ilikuwa na vitamini C asilimia 15, imepimwa kwa vyombo vya maabara ili isiharibike. Watafiti wenyewe waliiona kama nyongeza ya krimu ya jua, si badala yake.

Mafuta yetu ya nyumbani hayako hivyo. Hata vitamini C ya machungwa haiwezi kuingia kwenye mafuta, kwa sababu yenyewe huyeyuka kwenye maji tu. Ukiloweka maganda ya machungwa kwenye mafuta utapata harufu nzuri, lakini vitamini C hutaipata.

Tusikimbilie vidonge pia. Huko Finland, wanaume wavuta sigara zaidi ya 29,000 walishiriki katika utafiti wa vidonge vya vitamini E na rangi ya karoti. Matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha kuwa waliomeza ile rangi ya karoti walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao. Kula karoti, embe na mboga ni salama. Kumeza kidonge kikali ni jambo lingine.

NANI HASA YUKO HATARINI?

Mwenyezi Mungu ametupa wengi wetu paa la kwanza ndani ya ngozi yenyewe. Ni ule weusi wetu, ambao huitwa melanini. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 1979 ulikadiria kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi lina kinga ya kama 13, na la ngozi nyeupe kama 3. Ndiyo sababu saratani ya ngozi inayoletwa na jua ni nadra kwa Waafrika wengi. Jua bado linatukausha ngozi, linatuzeesha na kutuletea madoa, lakini hatuko katika hatari kubwa.

Mtu mwenye ualbino hana paa hilo, au analo kidogo sana. Jua linamwingia bila kizuizi, tangu siku ya kwanza anapotolewa nje. Sehemu zinazoumia sana ni uso, midomo, masikio, shingo na mikono. Na watu hawa ni wetu. Hesabu ya watu ya Kenya ya mwaka 2019 iliandikisha watu wenye ualbino 9,729. Ni watoto wa shule, wakulima, walimu, wanachama wa vikundi vyetu.

Kuna na kundi lingine, wale wanaojichubua. Krimu zenye zebaki au haidrokwinoni zimekatazwa na sheria zetu, lakini bado huuzwa kichinichini. Anayejichubua anang'oa paa lake kwa mkono wake mwenyewe, na zebaki inaharibu figo juu ya hayo. Kikundi kisichanganye krimu za namna hiyo na mafuta yake, hata kama wateja wanaomba.

MAMBO YA KUEPUKA

1. Msipake ndimu wala limau kisha mkatoka juani. Utomvu wa ndimu ukikutana na jua huunguza ngozi. Hutoka malengelenge, na baadaye doa jeusi linaloweza kukaa miezi. Wanaokamua ndimu nyingi wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kutoka nje.

2. Msiamini maneno kwamba mafuta ya karoti au ya nazi yana namba kubwa ya kinga. Namba ile hupatikana kwa kupima krimu yenyewe kwenye ngozi za watu, kwa utaratibu maalum. Haipatikani kwa kusikia.

3. Msinunue unga wa zinki mkauchanganya na mafuta nyumbani kuwa krimu ya jua. Zinki kweli huzuia jua, lakini lazima isambae sawasawa. Mkorogo wa mwiko huacha mabonge mahali pamoja na mapengo mahali pengine. Kwa macho inaonekana imeenea, lakini jua linapita kwenye mapengo.

4. Msing'oe kiluma cha porini. Serikali ilipiga marufuku uvunaji huo mwaka 1986, na mwaka 2007 zikatolewa kanuni za kuusimamia. Tena zipo aina za shubiri zenye sumu. Pandeni ile inayojulikana kuwa salama kwenye shamba la kikundi.

KUTENGENEZA MAFUTA MAZURI YA NGOZI

Basi tuache kutengeneza? Hapana. Tutengeneze, lakini tuyaite jina lake: mafuta ya kulainisha ngozi. Ngozi iliyolainishwa haipasuki, haiwashi, na mafuta ya alizeti au parachichi yanaiongezea vitamini E. Ile ndoo tunaihitaji.

Hii hapa njia rahisi ambayo haina maji ndani, kwa hiyo haivundi upesi:

- Pimeni gramu 200 za mafuta safi ya alizeti au parachichi, na gramu 40 hadi 50 za nta ya nyuki iliyochujwa. Tumieni mizani, si kukisia.
- Wekeni kwenye sufuria ndogo, muisimamishe ndani ya sufuria kubwa yenye maji. Washeni moto mdogo. Nta huyeyuka kabla maji hayajachemka. Msiweke mafuta juu ya moto wenyewe, maana moto mkali unaua vile vizuia-kutu na waweza kuwasha mafuta.
- Ikiyeyuka, koroga, ondoa motoni, mimina kwenye vikopo vilivyooshwa, vikachemshwa na kukaushwa kabisa. Tone moja la maji linaweza kuleta ukungu.
- Funikeni baada ya kupoa. Andikeni tarehe. Hifadhini mahali penye giza na baridi, maana mwanga na joto huyaharibu mafuta. Yakianza kunuka kama mafuta ya kukaangia yaliyozeeka, yatupeni.

Ukitaka kutumia shubiri, kata jani, lisimamishe ndani ya bakuli mpaka utomvu wa manjano umalize kutoka. Utomvu huo unawasha. Toa ule uteute mweupe wa ndani na uutumie siku hiyo hiyo kutuliza ngozi iliyokauka au iliyounguzwa kidogo na jua. Ukiuweka kwenye chupa bila dawa ya kuhifadhi, wadudu wa magonjwa wataota humo kwa siku chache tu. Na kila mafuta mapya yajaribiwe kwanza, kidogo, ndani ya mkono, kwa siku moja au mbili.

Kabla ya kuuza madukani, nendeni ofisi ya Shirika la Viwango la Kenya mkaulize juu ya alama ya ubora. Msiogope. Kikundi chenye alama kinauza kwa ujasiri.

Na kibandiko chenu kiseme hivi: "Mafuta ya kulainisha ngozi. Hayazuii jua. Vaa kofia." Mtu atasema maneno hayo yatafukuza wateja. Sisi tunaona mteja anayeambiwa ukweli hurudi tena.

KINGA AMBAYO MIKONO YETU INAWEZA KUTENGENEZA

Hapa sasa ndipo tunataka vikundi vifikirie. Ukambani tumejulikana tangu zamani kwa kusuka vyondo. Mikono inayosuka kyondo inaweza kusuka kofia ya mkonge. Na kofia, ndugu zangu, ni paa halisi. Haiishi kama krimu, haihitaji kupakwa tena baada ya saa mbili, na mtu anaivaa miaka.

Kofia nzuri iwe na ukingo mpana pande zote, angalau sentimita 7 na nusu, ili ifunike masikio na shingo. Ile kofia ya michezo yenye ukingo wa mbele tu inaacha masikio nje, na masikio ndiyo huumia sana. Ufumaji uwe wa karibu karibu. Iinue juu uitazame dhidi ya mwanga. Ukiona vitundu vya mwanga, jua litapita hapo hapo. Ishonee kitambaa kizito ndani.

Fundi cherehani naye ana kazi: mashati ya mikono mirefu, kola ya kusimama, kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Kipimo ni kile kile cha mwanga. Walimu na kamati za shule waombwe wamruhusu mtoto mwenye ualbino avae kofia na mikono mirefu hata kama si sare, na asimamishwe juani wakati wa gwaride.

Na kikundi chenyewe kipange saa zake. Tukienda mwethya wa kuchimba matuta ya fanya juu, tuanze alfajiri na kupumzika kabla jua halijawa utosini. Mwanachama mwenye ualbino apewe kazi ya kivulini, bila kumdharau. Anaweza kuwa mweka hazina, mpimaji wa mafuta, msimamizi wa kitalu chini ya kivuli.

NA KRIMU HALISI YA JUA?

Kwa mwenye ualbino, krimu halisi ni ya lazima pamoja na kofia na nguo. Angalieni herufi SPF kwenye chupa. Namba iwe 30 au zaidi, na iandikwe kuwa inazuia miale ya aina zote mbili, A na B. Angalieni na tarehe ya kuisha. Uso na shingo vinahitaji kama kijiko kimoja cha chai. Watu wengi hupaka kidogo mno, na ukipaka nusu hupati kinga iliyoandikwa. Ipakwe kabla ya kutoka, irudiwe kila saa mbili na baada ya kutoka jasho.

Shida ni bei, tunajua. Serikali ilianza kutenga fedha za krimu hii katika mwaka wa fedha wa 2011/2012, shilingi milioni 100, kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kwa hiyo mzazi wa mtoto mwenye ualbino amwandikishe kwa Baraza hilo, kisha aulize hospitali ya kaunti. Mzazi wa kijijini mara nyingi hajui kuna njia hiyo. Kikundi kinaweza kumsindikiza.

Je, krimu hii haiwezi kutengenezwa kwetu Afrika Mashariki? Inaweza. Jirani zetu wa Moshi, Tanzania, walionyesha njia. Katika hospitali ya KCMC, ambayo ina mizizi ya kanisa, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992. Katika miaka ya 2010 hapo ndipo krimu iitwayo Kilisun ilianza kutengenezwa kwa ajili ya watu wenye ualbino. Lakini waliitengeneza wataalamu wa dawa, kwa viambato vya kuzuia jua vilivyopimwa, na watu waliopewa walifuatwa na kuchunguzwa ngozi. Hilo ndilo linaloitofautisha na chupa ya mafuta ya karoti.

DALILI ZA KUKIMBILIA HOSPITALI

Mtu mwenye ualbino achunguzwe ngozi mara kwa mara, hata akiwa mzima. Asingoje mkiona haya:

- Kidonda kisichopona kwa wiki nne, hasa usoni, mdomoni au sikioni.
- Gamba gumu linalobanduka, linatoka damu, kisha linarudi.
- Uvimbe unaokua.

Msikipake kidonda hicho mafuta ya kikundi wala dawa ya miti mkingoja. Ikishikwa mapema, mara nyingi saratani ya ngozi hukatwa ikaisha. Ikichelewa, inakula ndani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Na sisi wenye ngozi nyeusi tusijisahau. Doa jeusi linalokua chini ya wayo au chini ya ukucha lionyeshwe kwa daktari. Hilo kwa kawaida haliletwi na jua, lakini ni la hatari.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, ni nani wenye ualbino? Je, wanazo kofia? Wameandikishwa kwa Baraza?
2. Mafuta tunayouza au kununua yanaahidi nini kwenye kibandiko? Tunaweza kuyathibitisha maneno hayo?
3. Nani kati yetu anajua kusuka? Kofia moja itachukua siku ngapi, na tutaiuza kwa bei gani ili mzazi aimudu?
4. Mkutano wetu hufanyika saa ngapi, na chini ya mti gani? Kama hakuna mti, tutapanda upi msimu huu wa mvua?

Mkikutana tena, leteni kofia moja ya mfano. Inueni juu kuelekea mwanga, kila mmoja aitazame. Kama hakuna kitundu, mmeanza vizuri.